Gitaa linalotetema la Robert Ward: nianze na rekodi zipi, na sauti ile inapatikanaje?

Nyuzi_Sita

Wakuu, salaam. Namtafuta Robert Ward, mpiga gitaa wa soul na blues wa Marekani. Najua ndiye anayesikika nyuma ya Wilson Pickett kwenye "I Found a Love" ya The Falcons, lile gitaa linaloyumba kama liko ndani ya maji. Najua pia kwamba alipotea miaka mingi kisha akarudi akiwa mtu mzima. Baada ya hapo kila ninakosoma wanachanganya lebo na miaka. Nianze na rekodi zipi, na kwa mpangilio gani? Mtetemo ule unatoka kwenye gitaa, mkono au amplifaya? Nina pedali ya chorus na nikiitumia napata kitu kingine kabisa. Pia kuna amplifaya ya Magnatone ya zamani inayouzwa Marekani. Je, itafaa kwa umeme wetu wa huku?

Mkoba_wa_Santuri

Karibu mkuu. Kwanza tuondoe kosa ambalo wengi hulirudia: Ward hayumo kwenye zile nyimbo za funk za Ohio Players zilizovuma miaka ya 1970. Ohio Untouchables ni bendi aliyoiunda Dayton, Ohio, karibu na mwaka 1960, yeye akiwa mzaliwa wa Luthersville, Georgia (1938). Aliondoka katikati ya miaka ya 1960, nafasi ya gitaa ikashikwa na Leroy "Sugarfoot" Bonner, na waliobaki ndio waliokuja kuwa Ohio Players. Ukinunua santuri za Ohio Players ukimtafuta Ward umepoteza hela.

Rekodi zake za mwanzo ziko LuPine, lebo ya Robert West wa Detroit. "I Found a Love" ilitoka hapo 1962, Pickett akiimba mbele, Ohio Untouchables wakipiga vyombo, nayo ikafika namba 6 kwenye chati ya R&B. Lakini wimbo huo ni wa Falcons. Ukitaka kumsikia Ward akiimba na kupiga mwenyewe, tafuta "Forgive Me Darling" na "I'm Tired" za bendi yake kwenye lebo hiyohiyo. Hapo gitaa haliko nyuma ya mtu. Linajibizana na mwimbaji mstari kwa mstari, na mara nyingine linamkata kauli.

Kisha zinafuata santuri zake za Groove City, lebo ya Don Davis wa Detroit, baada ya kuiacha bendi: "I Will Fear No Evil" na "My Love Is Strictly Reserved for You". Usiziruke hata kidogo. Utakapofika kwenye rekodi za uzeeni utaelewa kwa nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipiga gitaa studio Motown, lebo kubwa ya soul, pamoja na kwenye kazi za makundi ya Temptations na Undisputed Truth. Huko alikuwa mpigaji wa kulipwa kwa kazi, kwa hiyo usitegemee kumtambua kirahisi. Baadaye akarudi Georgia na jina likazimika. Alipatikana tena baada ya kukutana kwa bahati na mwenye duka la magitaa wa Dayton. Wakati huo Hammond Scott wa Black Top, lebo ya New Orleans, naye alikuwa anamtafuta. Matokeo yake ni albamu "Fear No Evil", mwanzoni mwa miaka ya 1990. Angalia jina lake: ni ule wimbo wa Groove City. Ndani yake amerudia pia "Forgive Me Darling" na "Strictly Reserved for You". Hakuja na mtindo mpya. Alirudi kumalizia kazi ambayo dunia haikuisikia mara ya kwanza, kwa sauti ileile ya gitaa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa mpangilio si wa miaka. Chukua "Forgive Me Darling" ya LuPine na ile ya Black Top, zipige moja baada ya nyingine kabla ya kusikiliza kitu kingine chochote. Koo limezeeka na limekuwa zito, studio imekuwa safi, besi sasa inasikika kila noti. Lakini sikiliza mahali gitaa linapoingia baada ya mstari wa sauti: mkato ni uleule. Ukishalishika hilo, albamu nzima inafunguka.

Baada ya hapo kuna "Rhythm of the People" (1993) na "Black Bottom" (1995), zote za Black Top, halafu "New Role Soul" (2000) ya Delmark, Chicago. Mwaka 2001 alipata kiharusi, na hiyo ya Delmark ikabaki albamu yake ya mwisho ya studio. Alifariki Georgia tarehe 25 Desemba 2008.

Kuhusu kununua: santuri za 45 (ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika) za LuPine na Groove City ni ghali, hasa Groove City, kwa sababu wakusanyaji wa soul wa Uingereza wanazigombania. Kuna CD ya lebo ya Relic iitwayo "Hot Stuff" iliyokusanya kazi za mwanzo, nayo inatosha kabisa kwa kujifunza. Black Top ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo CD zake utazipata mitumba tu. Muulize muuzaji kama kijitabu cha ndani kipo na kama upande wa maandishi wa CD haujakwaruzwa. Watu hukagua upande unaong'aa peke yake, kumbe data imelala chini tu ya rangi ya juu, na mkwaruzo wa upande huo hausafishiki.

FundiValvu

Nachukua swali la sauti. Inatoka kwenye amplifaya, na amplifaya yenyewe ni Magnatone.

Elewa tofauti hii kwanza, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Amplifaya nyingi za zamani zina kitasa kilichoandikwa Vibrato au Tremolo, na karibu zote zinafanya jambo moja: kuongeza na kupunguza ukubwa wa sauti. Noti inabaki palepale. Magnatone za mfululizo wa mwishoni mwa miaka ya 1950, mfano modeli ya 280, zinapandisha na kushusha noti yenyewe. Ndani kuna varista, vipande ambavyo ukinzani wake hubadilika kulingana na volti. Saketi ya mtetemo inazisukuma volti juu na chini, varista zinabadilika, na awamu ya mawimbi ya sauti, yaani mahali wimbi lilipofika kwenye mzunguko wake, inasogezwa mbele na nyuma. Awamu inaposogea, sikio linasikia noti ikipanda na kushuka, sawa na honi ya gari linalokusogelea kisha likakupita.

Kuna tabia moja hapo unapaswa kuijua: kinachopinda noti ni kasi ya awamu kusogea. Ukizidisha kasi ya mtetemo bila kugusa kina, noti inapinda zaidi. Kwa hiyo vitasa viwili hivyo havijitegemei. Ukiongeza kimoja, punguza kingine.

Lonnie Mack, mpiga gitaa mwingine wa Marekani, naye alichukua njia hii baada ya kumsikia Ward. Ile "Memphis" yake ya 1963 imepigwa kwa Magnatone. Ukiweka rekodi za wawili hawa pamoja utajua kipi ni cha amplifaya na kipi ni cha mkono wa Ward.

Sasa pedali yako. Chorus inachanganya sauti kavu ya gitaa na sauti iliyopindwa. Zikikutana ndipo unapata ule utamu mpana kama magitaa mawili. Ward hana sauti kavu pembeni, yote imepindwa. Kama pedali ina kitasa cha kuchanganya, kizungushe hadi sauti kavu ipotee kabisa. Kama haina, tafuta pedali ya vibrato halisi. Boss VB-2 na VB-2W zinafanya hivyo, na Boss CE-1 ina swichi ya vibrato. Pedali za aina ya Uni-Vibe nazo huwa na upande wa vibrato, ila mpindo wao una ladha nyingine.

Vipimo vya kuanzia: kasi mizunguko 6 kwa sekunde (Hz 6), kina senti 20 juu na 20 chini (nusu-sauti moja ni senti 100). Kama unatumia programu ya kurekodi na unaunda vibrato kwa kichelewesho (delay), weka mawimbi ya sine ya Hz 6 yanayosogeza kichelewesho milisekunde 0.3 mbele na 0.3 nyuma, sauti kavu asilimia 0. Ukishusha kasi hadi Hz 3 na unataka mpindo uleule, itabidi milisekunde 0.6. Kisha rekebisha kwa sikio ukilinganisha na rekodi. Ukivuka senti 30, akodi nzima zitasikika kama gitaa halijatyuniwa, na mwimbaji wako atahangaika kupata noti yake.

Mpangilio wa pedali: vibrato ikae baada ya kitu chochote kinachokwaruza sauti, na kabla ya mwangwi. Ukiweka mwangwi mbele ya vibrato, mkia wa mwangwi nao unayumba na kila kitu kinakuwa uji.

Besi_Nzito

Naongezea upande wa mkono, kwa sababu mtu anaweza kuwa na Magnatone halisi na bado asisikike kama Ward. "I Found a Love" ni mwendo wa polepole wa 12/8, yaani kila pigo kubwa limegawanywa mara tatu. Mpigaji aliyezoea kugawa mara mbili atajikuta anakimbia. Hesabu moja-na-ya, mbili-na-ya, kwa sauti kabisa, hadi mguu uzoee. Halafu akodi zipigwe kavu na fupi, kiganja kizime nyuzi mara moja. Ukiacha noti ndefu muda wote, vibrato inakuwa kero. Noti ndefu ni ya mwisho wa mstari, pale mwimbaji anapovuta pumzi. Hapo mtetemo unapata muda wa kusikika, hata mizunguko minne au mitano, na ndio maana unagusa.

Na usitie vibrato ya kidole juu ya vibrato ya amplifaya. Mitetemo miwili ya kasi tofauti inagongana.

Kuhusu albamu, simpingi Mkoba ila natofautiana naye kidogo. Ukishaimaliza "Fear No Evil", nenda moja kwa moja "Black Bottom" kabla ya ile ya 1993. Kwangu ndiyo anapiga kwa uhuru zaidi.

Nyuzi_Sita

Asanteni sana. Pedali imeanza kuelekea kunakotakiwa baada ya kuondoa sauti kavu. Imebaki ile amplifaya. Tangazo linasema inawaka ila vibrato haifanyi kazi, na plagi yake ina pini mbili.

FundiValvu

Plagi ya pini mbili ndiyo jambo la kwanza, kabla ya vibrato, kabla ya muziki. Amplifaya za Marekani za enzi hizo zina kapasita iliyounganisha waya mmoja wa umeme na chasisi (fremu ya chuma ya ndani). Kapasita hiyo ikivuja, chasisi ina umeme, na nyuzi za gitaa zimeungwa na chasisi. Ukishika gitaa huku mdomo umegusa maikrofoni, umeme unapita mwilini. Fundi aitoe kapasita hiyo, aweke waya wa pini tatu, waya wa ardhi ufungwe kwenye chasisi kwa bolti yake peke yake, na waya wa moto upite kwenye fyuzi kwanza kisha swichi.

Umeme: inataka volti 117, Hz 60. Sisi tuna 230, Hz 50. Unahitaji transfoma ya kushusha. Soma kibao cha nyuma kimeandika wati ngapi, kisha nunua yenye uwezo mara mbili. Kama inakula wati 150, chukua ya VA 300. Chagua inayotoa 110 badala ya 120, kwa sababu kwenye Hz 50 transfoma ya ndani inabeba mzigo wa sumaku mkubwa zaidi na inapata joto. Na iwe yenye koili mbili zilizotenganishwa. Zile za bei rahisi zina koili moja, hazikutengi na umeme wa nyumba.

Vibrato isiyofanya kazi si lazima iwe msiba. Anza na rahisi: soketi ya swichi ya mguu imeoza au imechafuka, halafu valvu ya saketi ya mtetemo imechoka. Ibadilishe na nyingine ya aina hiyo iliyo nzima uone. Kisha kapasita ndogo za saketi hiyo: zikivuja hata kidogo mtetemo hauanzi. Varista ziguswe mwisho kabisa, kwa sababu kuzipata nyingine ni shida. Ziulizie kwa muuzaji kabla hujalipa: akisema fundi fulani alizitoa, achana nayo.

Valvu za mwisho za 280, zile zinazosukuma spika, ni aina ya 6973. Zina pini tisa kama valvu ya EL84 na EL84 zitaingia kwenye soketi, lakini mpangilio wa pini ni tofauti. Usizibadilishane. 6973 mpya zinatengenezwa, Electro-Harmonix wanazo.

Ndani ya chasisi kapasita kubwa zinabaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa. Zipunguze kwa rezista ya kiloohm 10, wati 5, kisha pima kwa mita hadi zishuke chini ya volti 5 ndipo mkono uingie.

Ukiona gharama zinapanda kupita kiasi, jina la Magnatone lilifufuliwa Marekani mwaka 2013 na wanatengeneza mpya zenye vibrato ya varista. Uliza ya volti 230 tangu mwanzo.

Mkoba_wa_Santuri

Nyongeza moja kwa sababu tumetaja Hz 50. Usiagize gramafoni ya Marekani ya zamani yenye mota inayofuata mzunguko wa umeme. Transfoma ya kushusha inabadilisha volti, haibadilishi Hz. Santuri ya 45 itazunguka 37.5, wimbo wote utashuka zaidi ya nusu-sauti tatu, na mtetemo wa Ward wa mizunguko 6 utausikia kama 5. Ukijifunza kwa santuri hiyo utapanga pedali vibaya na gitaa lako halitakubaliana na rekodi. Nunua ya Hz 50, au ya mkanda ambayo kikombe cha mota kinachozungusha mkanda kinabadilishwa. Na 45 za Marekani zina tundu kubwa la milimita 38, kwa hiyo weka na adapta kwenye oda yako.