Naomba ushauri: wazazi tumegawanyika kivyama, na watoto la tatu hawajui kusoma

Baba Neema:

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, kijiji kimoja huku Kanda ya Ziwa. Shule siitaji.

Mwezi uliopita niliingia darasa la tatu anakosoma binti yangu. Watoto 158, madawati 21. Wanabanana watatu watatu, 95 waliobaki wako sakafuni na daftari juu ya paja. Mwalimu mmoja. Akiandika ubaoni, wa nyuma wanasimama ili waone, na wakisimama wanawakinga wenzao. Jioni nikamwambia binti anisomee kitabu. Akasoma ukurasa mzima bila kukosea, nikafurahi. Kisha nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno "mbuzi" peke yake. Akanyamaza. Alikuwa amekariri.

Kamati ikaita mkutano wa wazazi: tuchange 3,000 kwa kaya kila mwezi, kwa uji wa saa nne na posho ya vijana wawili waliosomea ualimu ambao wanajitolea pale. Mkutano haukumaliza nusu saa. Shemeji yangu, mtu wa upinzani, akasimama akasema serikali ilitangaza elimu bila malipo tangu 2016, kwa hiyo anayechanga anaisaidia kuficha aibu. Mwenezi wa chama tawala akamjibu kwamba anayehesabu watoto wa sakafuni mbele za watu anatafuta kura. Wakaanza kuzomeana, kina mama wakabeba watoto wao wakaondoka. Sasa ukisema darasa limejaa unaulizwa wewe ni wa chama gani. Mke wangu yuko katikati, huku mume, kule kaka yake.

Mkutano mwingine ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mwenyekiti kajitoa, nimeachiwa mimi niuongoze. Niufungue vipi usiishie kulekule?

Sauti ya Kata:

Pole mkuu, lakini shemeji yako ana hoja, usimpuuze. Ruzuku ya uendeshaji kwa mtoto wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002. Wakati ule ilikaribia dola 10, leo haifiki 5. Na katika hiyo, 4,000 ni ya vitabu, shuleni inashuka 6,000. Sawa na shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto, chaki humo, karatasi za mitihani humo, na bati likivuja humohumo. Mkizoea kujaza pengo kimyakimya, ripoti ya kata itasomeka shule haina tatizo. Mimi nisingechanga mpaka pengo liandikwe na lifike halmashauri.

Jembe la Nyasa:

Sauti ya Kata, nakuheshimu, ila useme yote. Madarasa yamejaa kwa sababu ada ilifutwa, na watoto waliokuwa wanachunga ng'ombe wakaja shule. Mwaka 2021 zile fedha za UVIKO zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, mtaani kwetu tuliyaona kwa macho. Serikali ikifanya jambo tuseme imefanya. Anayeanza mkutano kwa kusema hakuna kilichofanyika anawafunga masikio nusu ya wazazi kabla hajafika kwenye hoja.

Sauti ya Kata:

Na katika hayo 15,000, 12,000 yalikwenda sekondari na 3,000 kwenye shule shikizi, yaani vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama. Baba Neema analia la tatu.

Mama Debe:

Naomba niwakatize. Mnabishana takwimu, mtoto ana njaa. Kwetu Njombe tulishindwa kuchanga hela, tukachanga mahindi, debe moja kwa mtoto kwa muhula, na anayepika analipwa kwa zamu. Hela inazua maneno, debe kila mtu analiona likimwagwa kwenye gunia. Na jambo moja mlishike sana: mtoto ambaye mzazi wake hakutoa naye apewe kikombe. Sisi mwaka wa kwanza tuliwatenga, wakawa wanasimama nyuma ya darasa wenzao wakinywa. Mpaka leo nikiikumbuka picha ile inaniuma. Tuliacha kuwatenga muhula uliofuata, na wazazi wale wale ndio walileta mahindi ya kwanza.

Chaki Nyeupe:

Baba Neema, mimi ni mwalimu mstaafu. Nilianza kazi enzi za UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974. Watu walimaliza la saba wakaingia darasani kufundisha huku wakijifunza ualimu, watoto wakasoma kwa zamu, asubuhi na mchana. Tulipata idadi, ubora ukatupita, na nilimwona mwenye kusema hivyo akiitwa msaliti. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yakaja, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata daraja sifuri. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, vyama vikashikana mashati, matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Madaraja yalipanda, lakini kijana aliyekuwa hawezi kuandika barua hakuamka siku ile akaweza.

Kuhusu Jumamosi. Kwanza, usifanye mkutano chini ya mwembe. Wakalishe wazazi ndani ya la tatu, kama watoto wanavyokaa, mwenezi na shemeji sakafuni pia. Pili, tangu MMEM shule inatakiwa kubandika ubaoni fedha iliyoingia na ilivyotumika. Mwombe mwalimu mkuu aibandike siku tatu kabla, watu waisome. Tatu, walimu wasiguse mchango hata senti, na kila kitu kiwe hiari, kipite kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kumbuka Rais Magufuli alivyopiga marufuku michango shuleni Januari 2018, walimu wengi walikosana na jamii kwa sababu ya hela za wazazi.

Halafu andikeni muhtasari mmoja wenye mambo mawili: tunachodai (walimu, madawati, darasa la pili) na tunachotoa wenyewe (uji). Shemeji yako atauunga mkono kwa sababu deni limeandikwa, mwenezi kwa sababu wananchi wamejitolea. Wote wawili wasaini.

Baba Neema:

Mwalimu, shikamoo na asante. Mama Debe, posho tumeiondoa kwenye ajenda ya Jumamosi, tunaanza na debe. Vijana wale wanaojitolea nimeongea nao, wanasubiri, ingawa najua hawatasubiri sana.

Jana nilienda kwa shemeji na daftari la mahudhurio. Tuna watoto 1,140 na walimu 9. Alihesabu mwenyewe kwa kalamu, akakaa kimya, akauliza mwanawe anakaa dawati lipi. Nikamwambia hana dawati. Amekubali kuandika ukurasa wa madai, ana mwandiko mzuri. Mwenezi bado hajanijibu, leo jioni nakwenda kwake kwa miguu. Nitawaletea mrejesho Jumapili.