Nilifundisha maji ya sukari na chumvi, kumbe nyumbani wanapima kwa kijiko cha supu

Mama Reko (Goma, Ndosho)

Jambo wote. Mimi ni reko, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea mtaani, hapa Ndosho, mwaka wa sita sasa. Kazi yetu mnaijua: nyumba kwa nyumba, kufunga ule utepe wa rangi mkononi mwa watoto kuona kama wana utapiamlo, kukumbusha chanjo, na siku ya kupima uzito kuzungumza na wamama kabla mizani haijatundikwa. Mshahara hakuna na viatu vinaliwa na mawe ya volkano, lakini hayo si ya leo.

Wiki mbili zilizopita nilifundisha wamama kama thelathini maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayehara, kwa zile siku pakiti za SRO (unga wa kituoni wa kuchanganya na maji kwa anayehara) zimeisha. Litre moja ya maji safi, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Tuliimba, tukapiga makofi. Nikiuliza "vijiko ngapi?" wote "sitaaa!" Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyelipwa.

Siku ya nne napita kwa mama mmoja, mtoto wake ana miezi kumi na moja, anahara tangu jana yake. Mama hayupo, yuko soko la Kituku anauza samaki. Aliyepo ni koko, yaani bibi wa mtoto, mama mzaa baba. Kumbe maji ameshayatengeneza, tena kwa bidii. Mkaza mwana alimwelekeza akiwa mlangoni, beseni kichwani. Nikasema koko, hebu nionyeshe. Akaleta chupa kubwa ya bia na kijiko cha supu.

Nikaonja. Jamani, yale yalikuwa maji ya kuchovya samaki wa kukausha.

Usiku nilikaa nikapiga hesabu. Mimi nilikusudia kijiko cha chai, na kijiko cha supu kinabeba vijiko vitatu vya chai. Ile chupa ni sentilita 72, haifiki litre. Kwa hiyo chumvi ilizidi zaidi ya mara nne, na sukari hivyo hivyo. Mtoto alikuwa anatema, koko anamlazimisha, kuhara kunazidi, mwisho koko akaamua: maji ndiyo yanaongeza. Akamnyima kila kitu. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Nikapanda naye moto (pikipiki) hadi kituo cha afya, akanyweshwa SRO mpaka jioni, sasa mzima, anatambaa.

Aliyekosa ni mimi. Nilisema "kijiko" mara ishirini bila kuinua kijiko hata kimoja.

Mnaofanya kazi hii, mnafundishaje mpaka kitu kifike jikoni? Na huyu koko nimrudie vipi bila kumtia aibu mbele ya mkaza mwana wake? Tangu siku ile ananiitikia salamu akiangalia pembeni.

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)

Pole, dada. Hata mimi na koti langu jeupe nimeshafanya kosa hilo hilo.

Kwanza nikuambie jambo litakalokusaidia kwa koko: alisema kweli. Maji YALE yalikuwa yanaongeza kuhara. Sukari haipo pale kwa utamu. Ikiwa ya kiasi, inasaidiana na chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji yanafuata nyuma. Ikizidi, inageuka: inayavuta maji kutoka mwilini kuyaingiza tumboni, na mtoto anahara zaidi. Na chumvi ikizidi kwa mtoto mdogo ni hatari kabisa. Kwa hiyo koko aliona kwa macho yake kitu cha kweli, ila hakujua kimetokana na nini. Mwanzie hapo. Mwambie "uliona vizuri," usimwambie "ulikosea".

Kuhusu kupima, mimi siku hizi sifundishi litre. Nafundisha chupa. Zile ndogo za plastiki za fanta, za sentilita 50, mbili zinafanya litre moja. Kila nyumba inazo, hata kwenye mtaro zimejaa. Kila mama aje na kijiko chake kutoka kwake, atoe mfukoni, tuvipange mezani. Utacheka. Kuna siku nilipata saizi tano. Halafu chumvi iingie kwanza, waonje kabla ya sukari: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, wamwage waanze upya. Kilichobaki kikipita saa 24 hakinywewi.

Mtoto wa chini ya miaka miwili: kila akihara, robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea polepole zaidi. Ziwa la mama halisimami hata saa moja. Na usisahau vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, nusu yake kama hajafika miezi sita, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Hapo ndipo wengi wanaacha, vidonge vinabaki juu ya kabati.

Papa wa wawili (Goma, Majengo)

Mimi naendesha moto, si muganga, lakini mniruhusu. Mnasema "maji safi" mnapita haraka. Maji yetu yanatoka ziwani. Wale vijana wa ufukweni wanatia klorini ya kuua vijidudu kwenye bidoni (dumu la maji) kwa bomba la sindano, mtoto anabeba, akifika nyumbani tu anachota anakunywa. Hawajamwambia angoje nusu saa? Wamemwambia! Kiu haisikii.

Na jambo lingine. Mke wangu aliniomba pesa ya sukari saa tatu ya usiku, nikakataa, nikidhani ni ya chai. Asubuhi ndiyo naambiwa ilikuwa ya mtoto. Sisi wababa hamtuiti kwenye hayo mafundisho, halafu pesa mnaomba kwetu.

Mgeni 27

Yote hayo ya nini? Famasi ya karibu wana kidonge cha kufunga tumbo, ukikipasua mara mbili unampa mtoto, kwisha.

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)

@Mgeni 27, hapana, nakuomba. Vidonge hivyo vya kufunga si vya watoto wadogo. Vinasimamisha utumbo, uchafu unabaki ndani, tumbo linavimba. Antibiotiki nazo si za kila kuhara. Damu kwenye choo, mtoto aliyelegea asiyeweza kunywa, ngozi ya tumbo ukiibana inachelewa kurudi, au choo kinachomwagika kama maji ya mchele: usikae kusoma majibu yetu hapa. Nenda kituoni, na njiani uendelee kumnywesha kama anaweza kunywa.

Dada wa Kyeshero

Mama Reko, swali langu ni moja. Hayo mafundisho ni saa ngapi? Kwetu ni saa tatu asubuhi. Saa hiyo wamama wenye kuuza wako sokoni tangu alfajiri. Wanaokuja ni wenye nafasi. Watoto wanashinda na makoko na wasichana wa miaka tisa, kumi. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, nikamlea mdogo wangu hivyo. Hakuna aliyewahi kunifundisha kitu, nilikuwa naambiwa tu "angalia mtoto".

Mama Reko (Goma, Ndosho)

Aksanti nyote. Mgeni 27 na wewe pia, maana nilienda kuuliza hapa kartie, mtaani kwetu, nikakuta nyumba tatu wanakitumia kidonge hicho.

Dada wa Kyeshero, ulinichoma. Miaka sita nafundisha saa tatu.

Nilirudi kwa koko na chupa mbili za fanta. Nikamwambia: koko, uliona vizuri, yale maji yalikuwa yanaongeza kuhara, muuguzi wa Bukavu amesema hivyo. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi nimezaa tisa, ulifikiri sina macho?" Akanivutia kiti.

Tulitengeneza pamoja. Nilimletea kijiko cha chai, akakikataa kwa sababu kitapotea, wajukuu wanachimbia udongo. Akakitoboa mkiani kwa msumari wa moto, akakifunga kwa uzi kwenye shingo ya chupa. Mimi nisingefikiria hilo.

Jumamosi saa kumi jioni tulikaa kwenye baraza lake. Makoko kumi na mmoja, wasichana sita, na baba mmoja aliyesimama kwenye uzio akijifanya anatengeneza chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili (Papa wa wawili, nilimwita, akaingia). Mimi niliongea kidogo sana. Koko ndiye aliyezunguka akionja chumvi ya kila mmoja kabla sukari haijaingia. Alipofika kwa jirani yake wa miaka yote, akaonja, akakunja uso.

"Haya ni ya samaki," akamwambia. "Mwaga."