Familia ya Koko (bibi) Sifa, Himbi, Goma 🙏🏾

[06:02] Yaya Furaha: Jambo yenu. Jana veterineri alipita kwa Koko. Mbwa wetu Kapita ana ugonjwa wa nyonga, zote mbili. Ni wa kurithi, hawa mbwa wa Kijerumani, berger allemand, wanaupata sana. Mfupa wa paja haukai sawasawa kwenye shimo lake, unacheza, unasugua, na panaposuguliwa panavimba na kuuma. Hautapona. Tutaishi nao. Kabla ya saa sita kila mtu athibitishe siku yake:
Jumatatu Patient
Jumanne Neema
Jumatano ......
Alhamisi Gloire
Ijumaa Shangazi Ishara
Jumamosi na Jumapili Papa mudogo Djo

[06:40] Yaya Furaha: Alama za bluu naziona. Watu 9 wamesoma.

[07:41] Gloire: Yaya, huyo mgonjwa wako jana jioni alikimbiza chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, toka kwenye lango mpaka kona. Chukudu imebeba makala gunia 4. Aliyeumwa ni mwenye chukudu 😂

[07:44] Yaya Furaha: Ndiyo shida yenyewe. Akichangamka hasikii maumivu, anakuja kuyalipa asubuhi. Patient, waeleze asubuhi anaamkaje.

[08:30] Patient: Anaamka kwa mafungu. Anainua mbele, anakaa kwanza, anatutazama, ndipo anavuta nyuma. Akikimbia, miguu ya nyuma inaruka pamoja kama ya sungura. Miye nilidhani ni michezo yake. Ikinyesha ndo mbaya. Na paja la kushoto amelilamba mpaka manyoya yameisha

[08:31] Patient: na ako na miaka 3 tu

[08:52] Mama Ishara: Pole Kapita wetu. Lakini si ni maumivu ya mifupa tu? Miye nakunywa diklo na ninafika soko ya Virunga kwa miguu. Mumupatie nusu.

[08:53] Yaya Furaha: HAPANA. Shangazi unisamehe, lakini hapana. Diklo, ibuprofeni, parasetamoli, dawa ya mtu isiingie kinywani mwa Kapita hata robo. Diklo na ibuprofeni zinamtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo. Parasetamoli inamharibia ini. Veterineri ameacha dawa yake, meloksikamu ya mbwa. Ni mara 1 kwa siku, baada ya kula, kipimo kinafuata kilo zake. Na amesema tukipata makuta tumpigishe radio, ile picha ya mifupa, ya nyonga tuone zimeharibika kiasi gani.

[08:55] Gloire: Apigwe radio gani? RFI ao Okapi?

[08:55] Patient: RFI, iko na Kiswahili

[08:56] Gloire: Okapi, ni mnyama mwenzake

[08:56] Neema: 😂😂😂😂

[08:58] Mama Ishara: Nyie watoto 😂

[09:10] Yaya Furaha: Mkimaliza kucheka mniambie kama kuna mtu ameshampa kitu. Nauliza kwa uzuri.

[10:25] Neema: Yaya kuna plaketi ya diklo kwenye dirisha la jikoni. Imetobolewa mbili. Ya Koko si hii, yake iko chumbani

[10:26] Yaya Furaha: Ya nani?

[10:51] Yaya Furaha: Ya nani jamani

[11:03] Yaya Furaha: Neema, meloksikamu usimpe leo. Hizi mbili ni za ukoo mmoja, moja ikiikuta nyingine mwilini ni hatari zaidi. Angalia kama anatapika, kama anakataa chakula, kama mavi ni meusi kama lami. Nampigia veterineri sasa hivi.

[11:05] Gloire: Mavi ya Kapita siku zote ni meusi, si anakula makala

[11:05] Yaya Furaha: Gloire.

[11:38] Yaya Furaha: Nimeongea na veterineri. Atapita kesho asubuhi. Mpaka hapo hakuna dawa yoyote, ni maji na chakula kidogo kidogo. Akitapika ao akitoa mavi meusi, asingojewe kesho, apelekwe leo. Na mengine aliyosema, niyaandike mara moja nisirudie:
Apungue kilo 4. Kila kilo iko juu ya zile nyonga. Kwa hiyo nani anamtupia mabaki ya fufu ukutani, aache. Najua ni nani.
Matembezi yawe mafupi, mara tatu kwa siku, kwa kamba, mwendo wa mtu. Si kumfungulia akimbie mara moja mpaka achoke. Kukaa tu bila kutembea nako kubaya, nyama za miguu zinaisha na nyonga inabaki bila wa kuishika.
Asilale kwenye simenti. Mtafute godoro ya zamani.
Kuruka ukuta kumekwisha.

[11:52] Patient: Yaya parsele yote ni mawe ya volkano. Miye mwenyewe nikitembea hapo bila viatu nachechemea. Atembelee wapi

[11:54] Yaya Furaha: Mteremke naye ziwani, pale wanapofulia. Aogelee. Majini miguu inafanya kazi na uzito unabebwa na maji. Dakika 10 kwanza, jua likiwa limetoka. Mkirudi mumpanguse akauke kabisa, baridi inamkaza.

[11:56] Gloire: Na gesi ya ziwa je? Kapita na ile njaa yake atatoka anawaka moto

[11:57] Patient: atupikie, makala imepanda bei

[12:01] Neema: Miye nilimfichia samaki wadogo, sambaza, ndani ya vitambaa kwenye karai, akazitafuta kwa pua karibu nusu saa. Alichoka akalala bila kukimbia 😊

[12:02] Yaya Furaha: Aksanti Neema! Hiyo ndiyo kazi yake sasa. Kichwa kichoke, miguu ipumzike. Lakini sambaza zihesabiwe kwenye chakula chake, zisiwe za kuongezea.

[12:06] Yaya Furaha: Na saa ambazo hakuna mtu nyumbani, afungwe. Natuma dola 10 mnunue mnyororo mrefu pale Birere.

[12:19] Patient: Mnyororo?

[12:20] Gloire: Yaya hapo umegusa

[12:22] Mama Ishara: Furaha, usituanzishie tena mambo ya Sake.

[12:23] Yaya Furaha: Sijaanza kitu. Veterineri amesema asirukeruke, basi. Mnataka nifanyeje, niko Bukavu.

[12:25] Patient: Ndiyo, uko Bukavu. Na ile tarehe 27 Mei 2021, Goma ilipohamishwa kwa ajili ya volkano, ulikuwa Bukavu. Sisi tulikuwa barabarani kwenda Sake na magodoro kichwani, na ufunguo wa kufuli ya mnyororo ulikuwa mfukoni mwa mtu ambaye yuko humu anasoma

[12:26] Ujumbe huu umefutwa

[12:31] Papa Djo ameondoka

[12:33] Yaya Furaha amemwongeza Papa Djo

[12:33] Yaya Furaha: Papa mudogo tusamehe. Patient, omba msamaha.

[12:58] Mama Ishara: Miaka yote hii. Kwa ajili ya mbwa.

[14:07] Neema: Hapa ni Koko anasema, miye naandika tu vile anatamka. "Ni miye Sifa. Nimesomewa yote. Kwenye parsele yangu mbwa hafungwi mnyororo tena, hata uwe wa dhahabu. Tuliporudi kutoka Sake, aliyeshika jembe ni miye, si mmoja wenu. Djo ni mtoto wangu, mtu asimrushie maneno kwenye simu. Kama Kapita anakimbia, mtu akae naye. Mtu, si chuma. Nimemaliza."

[14:40] Mama Ishara: Koko amesema.

[14:52] Gloire: 🙏🏾

[15:02] Yaya Furaha: Sawa Koko. Mnyororo hakuna. Basi Patient azungushie baraza kwa mbao, Kapita akae humo tukitoka, mahali pa kugeuka pawepo lakini pa kukimbia pasiwepo. Na siku za watu ndiyo zinakuwa na maana zaidi. Jumatano bado haina mtu.

[15:30] Patient: Koko nisamehe. Mbao nitazitoa kwa lile banda la kuku la zamani. Misumari sina, mtu alete

[16:11] Neema: Amekula. Hajatapika. Mavi ni ya kawaida, nimeangalia na tochi

[16:12] Yaya Furaha: Mungu asifiwe. Endelea kuangalia usiku. Ile plaketi uifunge mahali pa juu.

[17:20] Mama Ishara: Ijumaa nitakuja. Ila ziwani siingii, nitakaa naye tu.

[17:22] Yaya Furaha: Shangazi aksanti, kukaa naye kunatosha. Jumatano?

[18:45] Gloire: Alhamisi niko, kama moto yangu (pikipiki) haijapata safari ya Minova

[18:46] Yaya Furaha: Uko ao hauko?

[18:46] Gloire: Niko, kama haijapata

[19:48] Yaya Furaha: Jumatano. Misumari. Makuta ya radio. Vitu vitatu, watu 9.

[21:33] Papa Djo: 👍🏾

[21:34] Yaya Furaha: Aksanti Papa mudogo. Hiyo ni ya Jumatano ao ya misumari?

[21:50] Gloire: Ao ya plaketi 👀

[21:51] Yaya Furaha: Gloire futa hiyo sasa hivi. Papa mudogo, Jumatano ni keshokutwa.