Tupeane uzoefu: muziki wa zamani na wa sasa, tunaulinganishaje bila kuonea?

Mwanzisha mada (Kitete, Tabora)
Wakuu, ubishi huu kila siku unaishia kwenye "enzi zetu" na "nyie wazee". Tabora ilitoa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe na Tabora Jazz. Kigoma ndiko asili ya Diamond Platnumz na Ali Kiba. Kwa hiyo ubishi huu ni wa kwetu kabisa. Naomba wapigaji, mafundi na watu wa studio watupe vitu vya kushika: muziki ulitengenezwaje, unatengenezwaje sasa, nini kimepungua, nini kimeongezeka.

Mpiga rithimu (Isevya, Tabora)
Anzeni na magitaa, waimbaji tutawakuta mbele. Bendi ya dansi iliyokamilika ilikuwa na magitaa matatu juu ya besi. Rithimu anakaa karibu na kichwa cha gitaa, anarudia kifungu kifupi bila kukibadilisha. Sekondi solo anapanda katikati ya shingo na kujaza mianya aliyoachiwa na rithimu. Solo anakaa juu kabisa, na hamwingilii mwimbaji, anasubiri apumue. Wawili wakikanyagana kwenye sauti moja, wimbo unageuka tope, na hakuna fundi mitambo wa kuuokoa.

Hauokoleki kwa sababu pale Radio Tanzania Dar es Salaam bendi ilirekodiwa yote kwa pamoja. Mpuliza tarumbeta anarudi nyuma, mwimbaji anasogelea maikrofoni, uwiano wa sauti unapangwa kwa miguu. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Ule mshikamano mnaousikia unatoka hapo: tumba inamvuta mpiga besi, besi inamvuta solo, kasi inapanda kidogo wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezeka. Mashine haipandi kasi isipoamriwa.

Jambo jingine ni santuri. Sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba kama dakika 3 hadi 4 kila upande. Wimbo ukizidi hapo unakatwa: mashairi upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Teknolojia ilipanga umbo la wimbo hata wakati ule, tusiwalaumu vijana peke yao.

Prodyuza (Mwanga, Kigoma)
Shikamoo mzee wa rithimu, nakubaliana nawe sehemu kubwa. Ila watu wanalaumu kompyuta kwa kosa la mkono. Chukua Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, iliyotoka mwaka 1997. Kosa la kwanza ni kutochagua skeli ya wimbo, yaani noti zinazotumika humo. Programu inavuta kila sauti kwenye noti iliyo karibu, hata kama si ya wimbo ule, na mwimbaji anaruka kama kanda iliyokwama. Kosa la pili ni kasi ya kurekebisha kuwekwa sifuri. Mwimbaji wa Kiswahili hupenda kukunja sauti mwisho wa neno: "mpenziii", anashuka kwa kuteleza. Ukiweka sifuri, ule mtelezo unakatwakatwa kuwa ngazi. Weka kati ya 20 na 50, chagua skeli, utasikia mtu.

La mwisho ni kuimba mstari mmoja mmoja na kuunganisha. Pumzi zinafutwa, hisia zinaondoka nazo. Mwambieni msanii aimbe ubeti mzima mara tatu, mchague ulio bora. Muda ni ule ule.

Mchangiaji (Gungu, Kigoma)
Na tusisahau kwamba miji hii miwili haikuwa imetengana kimuziki. Shem Karenga wa Tabora Jazz alitokea Kigoma, na Kigoma ilikuwa inapokea rumba ya Kongo kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Vijana wa leo kuchukua midundo ya Nigeria au Afrika Kusini si dhambi mpya. Tofauti ni kwamba bendi ililazimika kuwa na mtindo wake wenye jina: Tabora Jazz Segere Matata, Western Jazz Saboso. Sasa biti moja inauzwa kwa watu kumi.

Fundi redio (Ujiji)
Kabla hamjahukumu, sawazisheni sauti. Nyimbo za sasa zimebanwa ziwe kubwa muda wote, na sikio huona kilicho kikubwa ndicho kizuri. Punguza wimbo mpya mpaka ulingane na wa zamani, mara nyingi ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hadi 8, kisha sikiliza tena. Pia msilinganishe kwa simu. Waya mnene wa besi unatoa mawimbi 41 kwa sekunde, na spika ya simu haifiki huko. Mnachosikia ni zile sauti za juu tu zinazoambatana na noti hiyo.

Wenye kaseti: futa hedi (kile kichuma kinachosoma kanda) kwa spiriti na pamba, acha ikauke. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Cheza kanda, zungusha taratibu kwa bisibisi ndogo mpaka matoazi yasikike wazi. Yakififia, umepitiliza, rudi. Sauti ikiyumba, mkanda wa mpira wa mota umelegea, badilisha. Ukihamishia kwenye kompyuta, toa sauti kwenye tundu la laini (line out), si la hedfoni, na acha nafasi ya desibeli 6 kabla kipimo hakijafika nyekundu. Hifadhi kwa wav, faili isiyopunguza sauti. MP3 ya 128 kbps, iliyobanwa sana, inakula matoazi kwanza, halafu mtu anasema studio za zamani zilikuwa butu.

Mwanzisha mada
Ahsante sana fundi. Na kanda iliyokatika katikati?

Fundi redio
Kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutanishe bila kupandana, bandika upande wa mgongo usiogusa hedi. Usitumie selotepu ya kawaida: joto likizidi gundi inachuruzika, inashika mzunguko wa juu yake, na safari ijayo kanda inakatikia pengine. Kuna utepe maalumu wa kuunga kanda.