Naomba ushauri: mlingoti wa windsafingi umekwama kwenye kiungio

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada kwa wanaotunza vifaa vya windsafingi (mchezo wa kuteleza majini kwa ubao wenye tanga) msimu huu wa kusi, hapa Diani.

Mlingoti wa kaboni wa vipande viwili umegoma kuachana. Mchanga laini umeingia kwenye kiungio, na chumvi imekaukia humo. Tumeuloweka kwa maji baridi, tukauzungusha watu wawili, mmoja kila upande, lakini wapi. Jiriwa siitaki kabisa: kaboni ikibanwa sehemu moja hupata ufa usioonekana, kisha huvunjika mko mbali na nchi kavu.

Je, nimwagie kipande cha nje maji ya moto, au joto litadhuru kaboni? Na kuzungushia kiungio tepu ya umeme kabla ya kuvisha tanga, kunatosha kuzuia mchanga?

Ahsanteni.