Naomba ushauri: nzi mwindaji nisiyemfahamu, Sikonge

Habari za leo wakuu. Nafuga nyuki Sikonge, Tabora. Karibu na mizinga nimenasa nzi wa familia ya Asilidae, wale wanaodaka nyuki hewani na kuwafyonza. Huyu ana ndevu nyeupe pee usoni, bonde kati ya macho, na ncha ya tumbo nyekundu kama kutu. Familia hii ina spishi zaidi ya 7,000, ila picha zote nilizolinganisha hazifanani naye.

Ninao watatu, nimewabana kwa pini, kila mmoja na kikaratasi cha mahali na tarehe. Kama ni spishi mpya, najua jina jipya halikubaliki mpaka maelezo yachapishwe na sampuli moja iteuliwe kuwa kielelezo, yaani mdudu rasmi anayebeba jina hilo. Nianzie kwa nani? Na mguu mmoja umekatika, niugundishe au niuache? Naogopa sana kumharibu.