Tupeane uzoefu: mtu wa dini anavyohukumiwa kabla hajafungua mdomo

Mwana Kenya, Lubumbashi

Wandugu, hapa kwetu Kenya, mtaa wa Lubumbashi, mtu akinyoa kichwa, akaachia ndevu na kuvaa kanzu nyeupe, watu wamekwisha kumaliza kesi: ni Mupostolo, yaani wa kanisa la Wapostolo, hachanji watoto. Dada wa sketi ndefu asiyekata nywele, ni mtu wa Meseji, yaani mfuasi wa mhubiri William Branham, basi hakusoma. Mwenye kofia ya Kiislamu anaulizwa habari za mauaji ya Beni, na Beni iko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapa. Mulokole naye anaambiwa anasali sana kwa sababu ana la kuficha.

Naomba kila mmoja alete anachokijua kwa kazi yake: watu wanasema nini, kanuni yenyewe inasema nini, na mahali pa kazi, hospitalini, shuleni au kwenye kilio mtu afanye nini. Maisha yetu binafsi tuyaache pembeni. Tulete kitu ambacho mwenzetu anaweza kukitumia kesho asubuhi.

Naanza na Wakimbangu, maana mji huu una deni nao. Simon Kimbangu, mhubiri aliyewaanzisha, alianza kazi yake kijijini Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Kufika Oktoba mwaka uleule mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ilimhukumu kifo, mfalme akaibadilisha iwe kifungo cha maisha, naye akaletwa Élisabethville, yaani hapahapa. Alikaa gerezani miaka 30 na kufia humo tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa lake lilitambuliwa na serikali ya kikoloni Desemba 1959, na tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa. Hata hivyo bado utasikia: "Hao wanaabudu mtu." Ubishi wa mafundisho upo kweli, na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, lililowapokea 1969, limekwisha kuachana nao kwa ajili yake. Lakini huo ni ubishi wa wanateolojia. Mwenye nyumba anayetafuta mpangaji ana swali lake lingine kabisa, la kulipa kodi na kutunza nyumba.

Yanayohitajika kujulikana ni machache. Mkimbangu hanywi pombe, havuti tumbaku, hali nguruwe wala nyani, hachezi dansi, na anavua viatu mahali pa sala. Noeli yake ni 25 Mei. Ndiyo maana mfanyakazi anaomba ruhusa siku hiyo na mkubwa wake anadhani anatafuta kisingizio. Dawa yake ni rahisi: tarehe iandikwe kwenye kalenda ya likizo mwezi wa Januari, naye tarehe 25 Desemba ashike zamu ya wenzake. Kikwazo huwa ni kuomba mdomoni siku mbili kabla.

Muganga wa Kadutu, Bukavu

Mimi nitasema juu ya hospitali, maana huko hukumu inaweza kuua.

La kwanza, Wapentekoste. Wanasemwa kwamba wanakataa dawa wakingoja muujiza. Wapo wachungaji wanaofundisha hivyo, na ni hatari. Lakini hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa 1999 na daktari Denis Mukwege, ni ya jumuiya ya Kipentekoste, CEPAC. Mukwege mwenyewe ni mtoto wa mchungaji, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ukimwambia mgonjwa "ninyi hamtaki dawa" kabla hujamuuliza, unamfukuza aliyekuja kutibiwa.

La pili, Mashahidi wa Yehova. Wengi wanasema hawataki hospitali. Wanachokataa ni kuongezewa damu: damu nzima, chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani na plazma. Vitu vinavyotolewa ndani ya hivyo, kama albumini, imunoglobulini na vigandishi, kila mmoja anaamua kwa dhamiri yake. Kwa hiyo usiandike "amekataa matibabu". Muulize kimoja kimoja, andika jibu, asaini. Wengi wanatembea na kadi yenye maelezo hayo, mwombe uione.

Kwa mama mjamzito kazi inaanza mapema. Pima hemoglobini ziara ya kwanza, usingoje mwezi wa nane. Chuma miligramu 30 hadi 60 na asidi foliki mikrogramu 400 kila siku, dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza, chandarua kila usiku, maana malaria inakula damu kuliko kitu kingine huku kwetu. Ajifungulie mahali penye daktari wa kupasua. Damu ikianza kutoka nyingi baada ya kujifungua, pamoja na oksitosini mpe asidi traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3. Ikiendelea baada ya dakika 30, gramu 1 nyingine.

Mambo yanaharibika pale timu inapotumia saa nzima kubishana na familia juu ya Biblia wakati mama anatoka damu. Mkubwa mwenye akili yake akikataa, kukataa kwake kunaheshimiwa na unatumia vyote vilivyobaki. Mtoto ni habari nyingine. Hapo mganga mkuu na parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) wanaarifiwa palepale.

Kasapa 21, Lubumbashi

Kuongezea hapo juu ya Mashahidi. Katanga hii wanachanganywa na Kitawala, dhehebu lingine, tangu zamani, na huo mchanganyo umewatesa. Kitawala ilitoka kwenye vitabu vya Watch Tower, shirika la Mashahidi, vilivyopitia Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, lakini ilienda njia yake. Miaka ya 1920 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, aliua watu wengi akiwaita wachawi, hata upande huu wa mpaka, akanyongwa na Waingereza. Mashahidi hawakuwa na mkono humo, ila serikali ya kikoloni iliweka wote kapu moja. Mwaka 1986 Mobutu aliwapiga marufuku, na Mahakama Kuu ikaondoa marufuku hiyo 1993. Kutoimba wimbo wa taifa kunachukuliwa kama uasi, na ni msimamo wao dunia nzima, si wa Kongo peke yake. Prefe (mkuu wa shule) anayejua kazi yake anamwacha mwanafunzi asimame kimya, bila kelele na bila kusumbua wengine.

Mama Bukari, Katuba

Tuje kwenye sufuria. Kwenye kilio mtu akikataa chakula, watu wanafikiri mambo mawili: ana kiburi, au anaogopa sumu. Yote mawili yanaumiza wenye msiba. Na mara nyingi ni kanuni tu ambayo hakuna aliyeuliza.

Nguruwe asiingie sufuria yoyote. Huyo peke yake anafunga mlango kwa Muislamu, Mwadventista na Mkimbangu kwa mara moja. Kambale hana magamba, Mwadventista hamli. Samaki wa makayabo, tomson na sambaza hawana shida kwa yeyote kati ya hao. Mbuzi au ng'ombe achinjwe na Muislamu na damu imwagike yote, hapo Muislamu anakula, na Shahidi wa Yehova pia, maana yeye anachokataa ni nyama isiyotolewa damu. Lakini jueni kuna walokole wanaokataa nyama iliyochinjwa kwa dua ya wengine. Msibishane nao, wawekeeni maharagwe.

Kwa watu 100, mlo mmoja: unga wa bukari (ugali) gunia la kilo 25, maharagwe makavu kilo 10 yaliyolowekwa tangu usiku, sombe (kisamvu) sufuria mbili kubwa, na samaki. Maharagwe ndiyo yapikwe ya kwanza, kwa mafuta ya mimea, sufuria ikiwa safi, na yawe na mwiko wake. Hapa ndipo panaharibika: mwiko mmoja unatoka kwenye nyama unaingia kwenye maharagwe, au mtu anatupia kipande cha nguruwe kwenye sombe ili inukie. Aliyekula akija kujua, hatarudi kwenye kilio cha familia hiyo.

Na tafadhali, mtu asisimame kutangaza "wasiokula nguruwe wapite huku". Mnawaaibisha watu waliokuja kulia pamoja nanyi. Waambieni mama wanaogawa, wanne au watano, kila sufuria ina nini. Anayehitaji atauliza polepole.

Kofia Nyeupe, Goma

Shukrani, mama. Mimi ni upande wa Uislamu na kazi.

Mabosi wengi wanasema Muislamu anapoteza muda kwa sala tano. Tuhesabu. Alfajiri ni kabla ya kazi, magharibi na isha ni baada ya kazi. Ndani ya saa za kazi zinabaki adhuhuri na alasiri, kila moja rakaa nne. Goma jua linafika kichwani karibu saa 6 mchana mwaka mzima, tunatofautiana robo saa tu mbele au nyuma. Adhuhuri inaanza hapo, na muda wake unaendelea mpaka saa 9 na kitu. Inaingia yote kwenye mapumziko ya chakula. Udhu na sala ni dakika 10 hadi 15. Maji ya udhu ni lita moja au mbili, ndoo yenye kopo inatosha, sinki ya vyombo isitumike ili kusiwe na maneno. Ijumaa ni tofauti: hotuba na rakaa mbili ni msikitini, pamoja na kwenda na kurudi weka saa moja na nusu, na mfanyakazi aifidie kwa kuingia mapema au kuchelewa kutoka. Waandikiane hilo. Makubaliano ya mdomo yanakufa siku mkubwa anapobadilishwa.

Sasa Beni. ADF ni waasi waliotoka Uganda, wapo maeneo hayo tangu miaka ya 1990. Wanaua Wakristo, kama walivyolipua bomu kanisani Kasindi tarehe 15 Januari 2023. Na Waislamu wanaowapinga nao wanauawa: Mei 2021 sheikh mmoja aliyekuwa akiwasema hadharani alipigwa risasi msikitini mjini Beni. Mtu anayemwita jirani yake "ADF" kwa sababu ya kanzu anaweka maisha ya jirani hatarini, maana mji ukiwaka, umati hauulizi vitambulisho. Ukiona tendo la kushuku, peleka tendo: saa, mahali, nani alifanya nini. Mavazi na jina si ripoti.

La mwisho, Ebola ya 2018 hadi 2020. Tulisemwa kwamba tunaficha maiti kwa sababu ya kuosha. Njia ilikuwepo: mahali ambapo maji hayawezekani, sheria yetu ina tayamamu, yaani kutawadha kwa mchanga safi, na timu za mazishi ziliweza kumwacha mtu aliyevaa kinga aifanye juu ya mfuko uliofungwa, bila kumgusa maiti. Sanda nayo inawekwa kwa namna hiyo. Familia zilikataa pale timu ilipofika na mfuko bila kumwita imamu. Wachungaji nao walionewa, kwa kuwa mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Goma, Julai 2019, alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi. Kazi ya kuwaombea wagonjwa kwa kuwawekea mikono ndiyo iliyomweka hatarini.

Sabato Kwanza, Bukavu

Kwa ufupi juu ya Waadventista. Sabato inaanza Ijumaa jua likitua mpaka Jumamosi jua likitua. Bukavu hiyo ni kati ya saa 11:50 na 12:25 jioni. Wanaitwa wavivu kwa sababu ya salongo (usafi wa pamoja wa mtaa) ya Jumamosi. Mkubwa wa avenyu awape mtaro wao wa kusafisha Jumapili asubuhi, waukague wote Jumatatu, maneno yataisha. Kazini sheria inakubali saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, kwa hiyo siku tano zinatosha bila Jumamosi. Ijumaa aanze saa 1:30 asubuhi, apumzike nusu saa, saa 11 jioni ametoka.

Wakili wa Ibanda

Nimesoma yote, naongeza upande wa sheria. Katiba ya 2006: kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi wa dini katika elimu, kazi za serikali na jambo lingine lolote. Cha 22 kinalinda uhuru wa dini na kuuwekea mipaka ya sheria, utulivu wa umma, maadili na haki za wengine. Sheria ya kazi ya 2002, kifungu cha 62, inasema dini si sababu halali ya kufukuza. Aliyefukuzwa adai barua yenye sababu, akusanye kontra (mkataba), karatasi za malipo na ujumbe wa simu, halafu aende kwanza kwa inspekta wa kazi kwa usuluhishi. Anayekimbilia mahakama moja kwa moja, kesi yake haipokelewi.

Lakini sikubali kwamba kila lawama ni uonevu. Vipo vyumba vya sala ambamo watoto wanaitwa wachawi, wananyimwa chakula na kufungiwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na cha 160 kinatoa adhabu. Mshtaki mchungaji huyo kwa jina lake na kwa tendo lake. Ukiandika "makanisa ya uamsho yanatesa watoto", parke haina wa kumwita, na mtesaji anajificha nyuma ya waumini elfu wasio na hatia.

Mwana Kenya, Lubumbashi

Asante, wakili. Imebaki chanjo ya Wapostolo, nani anajua?

Muganga wa Kadutu, Bukavu

Wapo wanaokataa kweli, lakini wengine wanaandikwa hivyo bila kuulizwa. Timu ikipita Jumamosi asubuhi, familia iko nje kwenye sala, mlango umefungwa, na fomu inajazwa "amekataa" mahali pa "hayupo". Hayo ni majibu mawili na kila moja lina kazi yake. Pangeni siku nyingine, asubuhi mapema kabla ya shamba na soko. Mzee wa kundi aonwe siku chache kabla, bila askari na bila mkubwa wa kartiye kutishia. Mweleze alama ya chaki mlangoni ni ya kuhesabu nyumba, na wino kwenye kidole cha mtoto unatoka. Wengine wanakubali matone ya polio na kukataa sindano: toeni matone, andikeni sindano inadaiwa, rudini. Surua inachanjwa tangu miezi 9, na mama wengi wa kundi hilo huja wenyewe kituoni wakijua hawatatajwa majina mbele ya foleni. Kadi ya mtoto ikae kituoni kama mama anaomba hivyo.